AUX ya gari la okazi imenyamaza: namna ya kutafuta ubovu kabla ya kumlipa fundi

Magari mengi ya okazi, yaani yaliyokwisha tumika, yanayofika Goma kutoka Japani huja na redio inayosikia FM kuanzia 76 hadi 90 tu, maana kule ndivyo masafa yalivyopangwa zamani. Vituo vyetu vingi viko juu ya 90. Unalitoa gari mpakani, unawasha redio kwa furaha, na kinachotoka ni mvumo kama mvua juu ya mabati. Hapo ndipo tundu dogo lenye maandishi AUX, la kuingizia sauti ya simu kwa kebo, linapopata heshima yake. Bila hilo hakuna rumba, hakuna kwaya, hakuna mahubiri uliyotumiwa kwenye simu.

Siku tundu hilo liliponyamaza kwenye Toyota IST yangu, nililipeleka kwa fundi mmoja huko Birere. Aliingiza jeki, ile ncha ya kebo, mara moja, akaitoa, akaniambia: "Mukubwa, hii radio ilikufa. Tuweke ingine." Nilikataa, si kwa ujuzi bali kwa sababu mfukoni hapakuwa na dola za redio ingine. Nilipofika nyumbani nikaazima kebo ya jirani. Muziki ukalia. Redio ilikuwa nzima, kebo yangu ndiyo iliyokatika ndani.

Tangu siku hiyo nimesaidia magari kadhaa ya ndugu na marafiki, na karibu kila mara mambo ni yale yale. Sauti hutoka kwenye simu, ikapita kwenye kebo, ikaingia kwenye tundu, ikafuata waya zilizo nyuma ya tundu, ndipo ikafika kwenye redio. Ubovu nao hupenda kukaa mwanzoni mwa njia hiyo, yaani kwenye vitu vinavyoshikwa kila siku. Fundi mwenye haraka huanzia mwishoni, kwa sababu mwishoni ndiko kwenye pesa.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya: ninaposema "jeki" sina maana ya kile chuma cha kuinulia gari. Hicho huku tunakiita kriki. Jeki hapa ni ncha ya kebo ya sauti, ile ya milimita 3.5.

Anza kwa masikio

Usiguse kitu bado. Weka wimbo unaoujua vizuri, kisha usikilize ubovu wenyewe unasema nini.

Ukikuta kimya kabisa, badilisha kwanza kwenda FM au CD. Hata mvumo wa FM isiyo na kituo unatosha kwa jaribio hili. Kama hata huko spika hazitoi kitu, tatizo si AUX, ni spika, amplifaya au fyuzi, na mwongozo huu haukuhusu. Kama spika zinavuma, endelea kusoma.

Sauti ikitoka upande mmoja tu, waya mmoja kati ya ile miwili inayobeba sauti umekatika au haugusi. Lakini angalia kwanza kwenye simu, sehemu ya mipangilio ya ufikivu, kama mizani ya kushoto na kulia haijasogezwa. Watoto wakishika simu, lolote linawezekana.

Kuna dalili moja ambayo huwachanganya watu wengi, nami ndiyo ninayoipenda kwa sababu inajitaja jina. Wimbo unalia, magitaa yapo, sebene inachemka, lakini mwimbaji hayupo, au anasikika kwa mbali kama anaimbia ndani ya pipa. Watu hudhani faili la wimbo limeharibika. Sivyo. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa kushoto na kulia, huku vyombo vikigawanywa pande mbili. Waya wa ardhi, ule ambao pande zote mbili huutumia kurudi, ukikatika, redio hubaki ikisikia tofauti kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote kinajifuta, na mwimbaji anafutika nacho. Kwa hiyo ukisikia magitaa bila mwimbaji, acha kutafuta huku na huku. Tafuta ardhi: kwenye jeki ni ile sehemu ndefu iliyo karibu na plastiki ya kushikia.

Mikwaruzo inayokuja ukizungusha jeki ni vumbi, kutu, au risasi ya kulehemia iliyopasuka nyuma ya tundu. Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta ni jambo la peke yake, nitalifikia mbele.

Dakika kumi bila bisibisi

Sasa badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha simu na kebo kwa pamoja, muziki ukarudi hutajua kilichoponya ni kipi, na kesho utabeba kebo mbovu ileile.

Kwanza chomeka hedifoni kwenye simu yako. Zikilia vizuri pande zote mbili, simu imepona mashtaka. Zisipolia, washa tochi uangalie ndani ya tundu la simu. Simu inayokaa mfukoni hukusanya nyuzi za suruali, na nyuzi hizo hushindiliwa chini kila unapochomeka mpaka jeki haifiki mwisho. Zitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano hapana, itakwaruza ndani.

Simu zisizo na tundu la duara zina mtego wao. Kile kipande cha kuunganisha kutoka tundu la chaji kwenda kwenye jeki kiko cha aina mbili. Kuna chenye chipu ndani, ambacho hutengeneza sauti chenyewe, na kuna kisicho na chipu, ambacho hutegemea simu itoe sauti tayari. Simu nyingi hazitoi. Sokoni vyote viwili vinafanana kwa macho, kwa hiyo usinunue kabla hujakijaribu na simu yako hapohapo mezani kwa muuzaji, na hedifoni mkononi.

Pili ni kebo. Azima nyingine unayojua ni nzima. Kama huna, ikunje yako taratibu kuanzia kwenye jeki kwa urefu wa vidole vitatu, muziki ukiwa umewashwa. Kebo nyingi hukatikia hapo, mahali plastiki ngumu inapokutana na waya laini. Sauti ikija na kupotea, umemkamata mwizi.

Hesabu pia mistari myeusi kwenye jeki. Miwili ni ya sauti tu, kushoto na kulia. Mitatu ina nafasi ya kipaza sauti, kama ile ya hedifoni za simu. Jeki ya mistari mitatu ikiingia kwenye tundu la gari lililotengenezwa kwa mistari miwili, mara nyingi hufanya kazi, lakini wakati mwingine ardhi haikai mahali pake, na unapata yale magitaa bila mwimbaji. Jaribu kuivuta nje kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha. Mwimbaji akirudi, nunua kebo ya mistari miwili na kazi imeisha.

Baadhi ya redio za Japani zina tundu lililoandikwa VTR badala ya AUX. Hilo hupokea picha pamoja na sauti, na mpangilio wa pete zake si lazima ufanane na wa kebo ya kawaida. Ukisikia upande mmoja tu kwenye tundu la VTR, usivunje dashibodi. Tafuta kebo ya picha na sauti, ile yenye jeki upande mmoja na mikia mitatu ya rangi upande wa pili, ujaribu mkia mweupe na mwekundu.

Tatu, jaribio la kidole. Acha kebo kwenye tundu la gari, redio ikiwa kwenye AUX, sauti katikati. Gusa kwa kidole ncha ya upande wa pili wa kebo, ule ulio huru. Ukisikia mvumo au mkwaruzo mdogo kwenye spika za kushoto, basi kebo, tundu, waya na redio vyote viko hai kwa upande huo. Gusa pete inayofuata, usikilize kulia. Jaribio hili halina gharama na limeniokoa kazi ya kufungua gari mara nyingi kuliko mita yoyote.

Nne, redio yenyewe. Kwenye redio nyingi za Toyota kitufe kimoja hubeba CD na AUX, na AUX huja ukibonyeza mara ya pili. Redio nyingi za kununua dukani huweza kuzima AUX kwenye menyu, na menyu hiyo kwenye baadhi yake hupatikana redio ikiwa imezimwa, kwa kushikilia kitufe kikubwa sekunde chache. Maandishi yakiwa ya Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Usibahatishe kwenye menyu usiyoisoma. Kisha pandisha sauti ya simu iwe karibu na juu kabisa, halafu urekebishe kwa redio. Simu ikiwa chini na redio ikiwa juu, unachokuza zaidi ni kelele.

Vumbi la hapa

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na barabara zetu nyingi za mitaa ni hayo mawe yaliyosagwa na magurudumu. Nyiragongo ililipuka mwaka 2002 na tena Mei 2021, na kila kiangazi vumbi lake jeusi linaingia hata kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa. Ni vumbi gumu, linakwaruza. Tundu la AUX ambalo liko chini karibu na gia, wazi, linaangalia juu, hulipokea kama sahani.

Zima gari. Toa vumbi kwanza kwa kupuliza hewa ya pampu ndogo ya mkono. Usiende kwa wajaza upepo wa matairi, kwa sababu kompresa zao hutoa maji na mafuta pamoja na hewa, na nguvu yake inaweza kupinda vibati vya ndani. Kisha chukua kijiti chembamba, ukizungushie pamba kidogo sana, uiloweshe kwa spirti safi ya asilimia 90 au zaidi, au dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme. Zungusha ndani mara tano sita. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Ukikosa kijiti kinachoingia, lowesha jeki yenyewe kwa spirti, uichomeke na kuitoa mara kumi. Subiri dakika kumi na tano ikauke ndipo uwashe.

Nimeona watu wakitumia petroli ya kadafi (wauza mafuta wa kando ya barabara), manukato, hata mafuta ya kupaka. Petroli inayeyusha plastiki na ndani ya gari ni hatari ya moto. Manukato na mafuta huacha utando ambao vumbi la kesho litaugandia.

Kabla hujafungua dashibodi, soma hapa

Hapa ndipo nilipoumia mimi mwenyewe. Nilifuata ushauri wa kila mtu anayeshika gari: "Toa batri kwanza, usije ukaunguza kitu." Nikatoa. Niliporudisha, redio ikaonyesha herufi za kufuli na kudai namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza, huko Japani, hakuja nayo. AUX niliyokuwa nikiiponya ikawa haina maana kwa wiki tatu.

Redio za kiwandani, za Toyota hasa, zinaweza kuwa na ulinzi wa wizi unaojifunga umeme ukikatika. Nyingine, zenye ramani, hudai kadi au diski ya ramani ziwashwe tena. Kuchomoa soketi kubwa za nyuma ya redio ni sawa na kutoa batri, kwa maana kumbukumbu yake hula umeme kupitia hapohapo, na kutoa fyuzi ya redio ni vilevile. Kwa hiyo angalia kwanza: redio yako ina ramani? Kadi yake bado imo? Kuna aliyewahi kuitoa akajaza nyimbo kwa sababu "ramani ya Japani inatusaidia nini Goma"? Kama huna kadi wala namba, fanya kazi yote bila kukata umeme wa redio. Inawezekana, kwani plagi ya AUX ni ndogo na huchomoka peke yake.

Jambo jingine ni soketi za manjano. Hizo ni za mifuko ya hewa. Usizichomoe, usizipime kwa mita, usipitishe waya wako juu yake.

Kufungua na kupima

Utahitaji bisibisi ya nyota, spana ya 10, kipande cha plastiki bapa cha kuchokonolea, kitambaa, tochi na mita ya umeme. Mita ya bei ya chini inatosha, mradi inapiga mlio waya unapogusana.

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka jiwe chini ya gurudumu. Mawe hapa hatununui. Kwenye gari la otomatiki huenda ukahitaji kushusha gia ili fremu itoke, na ndiyo sababu ya jiwe. Kisha zima swichi, na utoe ufunguo kama unatoka.

Fremu inayozunguka redio kwenye magari madogo ya Toyota mara nyingi imeshikwa kwa klipu tu. Anza kona ya chini, vuta sawasawa. Asubuhi ya baridi plastiki hukatika kirahisi, kwa hiyo ngoja jua liipashe. Nyuma yake kuna boliti nne za 10. Zitoe, uvute redio nje kiasi cha kiganja, uilaze juu ya kitambaa. Usiiache ining'inie kwa waya.

Sasa angalia tundu lako ni la aina gani. Kama liko mbali na redio, kwenye konsoli ya katikati au kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, kuna waya unaotoka hapo na kuishia kwenye plagi ndogo nyuma ya redio. Chomoa hiyo plagi ndogo peke yake. Chomeka kebo nzima kwenye tundu, weka mita kwenye mlio, gusa ncha ya upande huru wa kebo na mguu mmoja mmoja wa ile plagi. Mguu mmoja lazima ulie. Fanya hivyo kwa pete, kisha kwa ardhi. Kila kimoja kiwe na mguu wake. Ukihamia kipimo cha ohmu, njia nzima isomeke ohmu chache tu, si makumi.

Kisha pima kinyume chake: kati ya ncha na pete, ncha na ardhi, pete na ardhi, plagi ikiwa bado imechomolewa. Hapo isilie kabisa. Ikilia, waya zimegusana, mara nyingi mahali ulipobanwa na reli ya kiti au na skrubu iliyorudishwa vibaya na mtu aliyekutangulia. Hatua hizi zote zirudie huku mtu mwingine akitikisa waya. Barabara ya Goma hutikisa gari siku nzima, na waya unaolia umetulia unaweza kunyamaza ukitikiswa.

Baadhi ya matundu yana kibati cha ziada kinachoiambia redio kwamba jeki imeingia. Kikipinda, redio haioni kitu na kitufe cha AUX hakiitiki, hata kama waya zote ni nzima. Kwa tundu la namna hiyo usihangaike kunyoosha. Badilisha tundu zima.

Kama tundu liko usoni mwa redio yenyewe, limelehemiwa kwenye bodi. Jeki inayopigwa na goti la abiria hupasua risasi ya miguu yake, na mpasuko wenyewe huwa mdogo kama unywele. Hapa redio lazima ifunguliwe, na lile onyo la namba ya siri linarudi.

Kulehemu

Kwa mguu uliopasuka, tumia pasi ya kulehemia ya wati 25 hadi 40 na risasi nyembamba ya elektroniki, kama ya milimita 0.8. Gusa mguu na bodi kwa pamoja, ongeza risasi mpya kidogo, uondoe ndani ya sekunde tatu. Risasi nzuri hung'aa na kukaa kama mteremko mdogo. Iliyokaa kama tone la mviringo haijashika.

Ukiamua kuweka jeki mpya kwenye kebo ya zamani, jua kwamba nyuzi za ndani za kebo za bei rahisi zimepakwa varnishi ya rangi, na zimefumwa pamoja na uzi wa nailoni. Risasi haishiki juu ya varnishi. Iunguze kwanza kwa kuizamisha ncha ya nyuzi ndani ya tone la risasi la moto mpaka ibadilike rangi ya fedha. Nyekundu huwa kulia, kijani au buluu kushoto, ya shaba tupu ardhi, lakini watengenezaji hawakula kiapo, kwa hiyo hakikisha kwa mita. Kusema kweli, kwa kebo mimi sihangaiki tena. Nalehemu kwenye gari tu.

Mlio unaopanda na injini

AUX inafanya kazi, ila kuna mluzi unaopanda na kushuka na mguu wako wa mafuta. Chomoa chaja ya simu kwenye kiberiti cha gari. Mluzi ukikata, umeupata: simu na redio zinakutana kwenye ardhi kwa njia mbili, ya chaja na ya AUX, na kelele za alternata zinazunguka humo. Dawa ya bei nafuu ni kuchaji kwa pawabenki, ambayo kwa kukatikatika kwa umeme wa mjini karibu kila nyumba inayo. Ya pili ni kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi, chenye transfoma mbili ndani, kinachowekwa kati ya kebo na tundu. Kinapunguza besi kidogo, masikio yangu huisikia tofauti hiyo.

Ikiwa mlio ni wa kugonga kwa vipindi, trrr-trrr-trrr, sekunde chache kabla simu haijaita, hiyo ni simu yenyewe ikiwasiliana na mtandao. Isogeze mbali na kebo.

Kama redio ndiyo mbovu kweli

Waya zote zimelia, kebo ni nzima, simu ni nzima, jaribio la kidole halitoi kitu. Sasa fundi akisema redio imekufa, mkubalie. Lakini kubadilisha si njia pekee. Kama redio ina Bluetooth au tundu la USB, tumia hilo.

Wengi hukimbilia kile kirusha FM kidogo cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Vingi hurusha kuanzia 87.5 hadi 108, na redio nyingi za Kijapani zinasikia mpaka 90 tu. Ukikiweka kwenye 98 kama alivyokuonyesha muuzaji kwenye redio yake, kwako kitakuwa kimya, nawe utadhani ni kibovu. Kiweke kati ya 87.5 na 90, tafuta mahali ambapo hakuna kituo kinachopita, kisha upeleke redio hapohapo. Ukiwa umefungiwa kile kifaa cha antena kinachoshusha masafa ili redio isikie vituo vya hapa, hesabu inabadilika: angalia kilichoandikwa juu yake kinashusha kiasi gani, utoe kiasi hicho kwenye namba ya kirusha ndipo ujue pa kutafuta kwenye redio.